Fundi Bomba Aliyeokoka kwa Sentensi Moja

Fundi cherehani alikuwa bibi wa miaka sitini na tisa alipoanguka kutoka juu ya stuli akitundika pazia, akavunjika mguu. Daktari aliufunga plasta hadi juu ya goti, akamkataza kukanyaga chini kwa wiki sita. Mwanawe akamchukua nyumbani kwake, akampa chumba kinachotazamana na jiko, kisha akaenda zake kazini. Kutwa nzima mama akabaki na mkwewe, mke wa huyo mwanawe, mwanakwaya mpole ambaye hata akijikwaa husema, "Asante Bwana."

Fundi cherehani hakuwa na ugomvi na Mungu. Alisema tu kwamba hawajaonana siku nyingi.

Mkwe akaona dawa ni riwaya iliyogawiwa kanisani. Kila baada ya chakula cha mchana alimsomea sura moja. Ilikuwa habari ya fundi bomba mlevi na mwalimu mcha Mungu, na bibi aliisikiliza bila neno mpaka sura ya saba, fundi alipokwenda kutengeneza bomba jikoni kwa mwalimu.

"'Kama Mungu yupo,'" mkwe alisoma, "'mbona mke wangu alikufa akiwa na miaka thelathini tu?' Mwalimu akatabasamu. 'Bomba likipasuka, fundi, utayalaumu maji?' Spana ikamponyoka fundi. Akapiga magoti, akalia, akaokoka."

"Hebu hapo," bibi akasema. "Umeruka ukurasa."

"Sijaruka, Mama. Tazama, mia na tatu, mia na nne."

"Mtu kauliza habari za mkewe, kajibiwa habari za maji. Sasa kilichomliza nini? Au spana ilimwangukia kidoleni?"

"Ni mfano, Mama. Maji ni Mungu. Bomba ni dunia."

"Na mke?"

"Mke ni... mke."

"Kwa hiyo aliyekufa ni bomba?"

Mkwe akafunga kitabu. Siku mbili walilitafuna jambo lile bila kulimeza. Mkwe alilipindua huku na huku akipika, akifua, hata katikati ya mazoezi ya kwaya akapitwa na ubeti. Siku ya tatu mama mkwe akachoka.

"Mwite fundi bomba," akasema. "Sinki lako linavuja tangu nije. Atengeneze, na sisi tumuulize."

Fundi alikuwa jibaba la maneno machache. Aliingia chini ya sinki, ikabaki miguu tu nje.

"Fundi!" bibi akaita kutoka kitandani. "Bomba likipasuka, unayalaumu maji?"

"Maji yana kosa gani?" sauti ikajibu. "Namlaumu aliyelifunga."

"Na aliyelifunga akiwa Mungu mwenyewe?"

Spana ikatua sakafuni. Kisha kichwa kikachomoza. "Mama, hili lilifungwa na shemeji yake mwenye nyumba. Naijua kazi yake."

Bibi akacheka hadi plasta ikamfinya. Mkwe aliuficha uso kwa kanga, mabega yakimtetemeka, akijua anatenda dhambi.

Hapo Mchungaji akabisha hodi, amekuja kumjulia hali mgonjwa.

"Karibu, umefika wakati wake," bibi akamwambia. "Mkwe wangu, msomee pale pa bomba."

Mkwe akasoma kwa sauti ndogo. Mchungaji alisikiliza hadi mwisho, akavua miwani.

"Wewe ndiye uliyekigawa. Ulikisoma?" bibi akauliza.

"Jalada," Mchungaji akasema. Halafu, kwa kuwa alikuwa mtu mkweli, akaongeza, "Na dibaji. Dibaji niliiandika mimi."

"Basi nijibu wewe. Mume wangu alikufa ana miaka thelathini na mmoja. Nilikuwa na mtoto mgongoni, na gauni la harusi ya mtu mezani, halijapigwa pindo. Mbona?"

Fundi akatoka chini ya sinki, spana mkononi. Mchungaji akafumbua kinywa. Mkwe aliona mfano unakuja, akaomba kwa moyo wote usitoke. Mchungaji akakifumba.

"Sijui," akasema. "Alikuwa mtu wa namna gani?"

Bibi akamkazia macho. Miaka arobaini ameambiwa pole, ameambiwa kazi ya Mungu haina makosa. Hilo hakuwahi kuulizwa.

"Mwongo," akasema. "Mwongo mtamu kama asali. Aliniambia anajua kucheza dansi. Siku ya harusi akanikanyaga gauni, mshono ukafumuka kiunoni, nikaushona nikiwa nimelivaa, na yeye kanishikia uzi huku anacheka."

Akacheka naye, machozi yakamtoka, akayafuta kwa ncha ya shuka na kuutukana mto kwamba una vumbi.

Walikunywa chai wote wanne. Fundi aliuliza kama yule wa kitabuni alimaliza kazi kabla ya kuokoka. Mkwe akatazama: hapana.

"Basi nyumba ya mwalimu imejaa maji," fundi akasema kwa masikitiko.

Mchungaji aliomba sala fupi. Bibi akaitikia "amina" kwa adabu, kama mtu anayeitikia hodi bila kufungua mlango.

Kesho yake wakaingia sura ya nane, ambamo jirani mjane anamlilia mwalimu.

"Mwalimu akasema," mkwe alisoma, "'Sijui, dada yangu. Niambie mlikutanaje.'"

Bibi akafumbua jicho moja. "Hayo hayamo."

"Hayamo, Mama."

"Enhe. Na huyo jirani akajibuje?"

Mkwe akafunua ukurasa, akafikiri kidogo, akaendelea.