Anatazama Mmoja

...na namba bado ni moja, Naomi akaifuta skrini ya simu kwa upindo wa kitenge, akidhani ni vumbi, ni jua, ni macho yake yaliyochoka, lakini pembeni mwa picha maneno yalibaki yaleyale, anatazama mmoja, na huyo mmoja ni nani, maana mitambo hii yote aliifunga kwa ajili ya dada yake Grace wa Kanada, aliyedhaniwa hatapata ndege, na Grace huyo amefika, amekaa pale mbele, mkono begani mwa mama, simu yake imezima tangu walipomtoa uwanjani Mwanza... kamera ndogo ameibana kwenye kiti cha plastiki, hapa uani kwao Butiama, kwenye mazishi ya baba, kamera inampa laptopu, laptopu inatuma picha Musoma, kwenye ile kompyuta aliyoigeuza seva, aliyoiacha ikinguruma chumbani kwake Nyakato, na seva inampa picha yeyote atakayefungua kiungo, simu yake mwenyewe haihesabiwi, programu aliiandika kwa mikono yake, anaijua, na kiungo aliwatumia wawili tu, Grace na... hapana, anwani ile haijawahi kumjibu, salamu za Krismasi haijibu, mama anaumwa haijibu, huwa anaandika tu kama mtu anayeongea na ukuta... katekista anawaomba watoto wa marehemu wasogee karibu na kaburi, wanaume wananyoosha kamba chini ya jeneza, na watoto wa marehemu ni Grace na Naomi, ndivyo ilivyosomwa kwenye wasifu, wawili, na marehemu Jastin, basi, hakuna aliyekohoa, hakuna aliyegeuka, kana kwamba kaka yao Burito hakuzaliwa nyumba hii, hakumfundisha Naomi baiskeli kwenye njia hiyohiyo waliyopitisha jeneza, kana kwamba siku ile kule Kiriba alikwenda ziwani kumzamisha mdogo wake na si kuoga naye, wawili waliingia majini akatoka mmoja, akatembea hadi kwa shangazi akiwa amebeba nguo za Jastin zilizokunjwa vizuri, na baba, mbele ya kaburi la Jastin lile pale, lile lenye vigae vyeupe ambalo Naomi leo ameipinda kamera makusudi lisionekane, baba hakupiga kelele, afadhali angepiga, alisema kwa sauti ya mtu anayeagiza chumvi, "Ondoka. Hata mimi nikifa, usije"... na hajaja, ametii, Mungu wangu, ametii hivyo hivyo neno kwa neno, hajaja, anatazama... au si yeye, labda mtu ameokota kiungo, labda seva imekosea kuhesabu, na moyo unamdunda Naomi kwa namba tu, namba isiyo na uso wala sauti, mtu yuko upande wa pili wa kamera hii kama mtu aliyesimama nyuma ya mlango, unasikia tu kwamba yupo... baba mdogo Magesa amekuja kuinama sikioni mwake, anasema kitu kuhusu bando, kuhusu Grace ambaye si ameshafika, kuhusu watu wanaouliza kwa nini mtoto wa marehemu anachezea mashine, "Zima hiyo kitu, Naomi, uje umzike baba yako," na kidole cha Naomi kilikuwa tayari juu ya kitufe, kubonyeza mara moja tu, namba ingekuwa sifuri na yeye angelala usiku, lakini alijisikia akisema, taratibu, "Kuna mtu anaangalia, baba mdogo," na Magesa akaitazama ile namba kwa muda mrefu kuliko namba inavyohitaji kutazamwa, akavua kofia, akarudi kwenye kamba bila kuuliza... wanashusha, mchanga unamomonyoka kidogo ukingoni, Grace analia, na Naomi mkono wake umekwenda wenyewe kwenye kamera, ameizungusha kidogo, vigae vyeupe vimeingia kwenye picha, kaburi la Jastin na kaburi la baba bega kwa bega, ukiondoka ondoka sasa, amewaza, na namba haikuondoka... jeneza likagusa chini, na mama Getruda, ambaye tangu asubuhi hajatamka neno, ameinuka mkekani, Magesa atakuwa amemnong'oneza, anakuja bila kushikwa, amechuchumaa mbele ya kiti cha plastiki, uso umekaribia kamera mno, hajui atazame wapi, "Anasikia?" na Naomi hawezi kusema anasikia nani, ametikisa kichwa tu kukubali, na mama amesema, "Burito, baba yako alikuwaga anakaa barabarani kila jioni. Anasema anaangalia ng'ombe. Ng'ombe tulishauzaga zamani"... akajiinua kwa kushika goti, akarudi kaburini, na Naomi ameitazama simu haraka ayaone maneno yakitoka, lakini kwenye simu mama bado ameketi mkekani, hajainuka, jeneza bado linaning'inia kwenye kamba, maana picha hukawia njiani, lazima ifike Nyakato kwanza ndipo imfikie mtu, na huko aliko huyo mmoja baba bado hajagusa chini, na neno bado halijasemwa, na Naomi hataki tena kujua ni nani, hofu imemtoka bila kuaga, anachotaka ni kimoja tu, huyo mmoja asifunge, avumilie kidogo, neno la mama linakuja, liko njiani, na katekista anawaita tena watoto wa marehemu wasogee...