Wanane wa Obuguma

Isidore alikufa kwake Kasha, mtaa wa mjini, na Jumamosi Venant akapanda pikipiki kutoka Mumosho kwenda kumzika rafiki yake. Mgongo ulikuwa unamuuma tangu juma lililopita. Mvua ilikuwa imekula barabara, na kila mahali penye tope dereva alimuomba ashuke wasukume. Alipofika kwenye kilio alijitupa juu ya kiti cha plastiki, hata watu hakuwasalimia vizuri.

Padri alipomaliza sala, Marcelline, mjane wa marehemu, akamsogelea.

"Papa Venant, batoto bake hawajue kitu juu ya ile ekipe yenu ya mpira. Bao walimujua tu kama muzee wa kuuza sukari mu butike. Ubaambie kidogo."

Venant hakuwa na nguvu ya kusema. Lakini mjane hakataliwi siku ya mazishi. Akasimama, akashika mgongo wa kiti.

Akawaeleza kwamba baada ya vita ya kwanza ya nchi yao, watu wa mlima wa juu na watu wa mlima wa chini pale Mumosho walikuwa hawasalimiani. Kila upande ulisema upande ule mwingine ndio uliowaonyesha askari nyumba za kuvamia. Yeye alikuwa kijana wa juu, Isidore wa chini. Padri mzee wa wakati ule akawaita vijana wa pande zote mbili, akawapa majembe, akawaambia wasawazishe mteremko ulio chini ya kanisa, wapate kiwanja cha mpira.

"Tulilima kiangazi muzima bila kusemeshana," Venant akasema. "Siku moja jembe la Isidore likavunjika. Nikamupatia langu, nikakaa chini. Kisha akanirudishia, naye akakaa. Ni vile tulianza kuongea."

Klabu wakaiita FC Obuguma, maana yake umoja kwa Kimashi. Isidore akawa mlinda goli. Mipira mingi iliwatoroka ikabingirika mpaka mtoni Ruzizi, wakabaki kuitazama tu ikienda. Mwaka mmoja walishuka mjini wakaishinda timu ya wenye viatu vizuri, wakarudi kwa miguu, na akina mama wa milima yote miwili wakaja pamoja kuwapokea barabarani. Wengi wao walikuwa hawajasimama pamoja tangu vita. Isidore akavunjika goti baadaye, akahamia mjini kutafuta maisha.

Venant akaketi. Sehemu iliyobaki hakuisema, kwa sababu ilikuwa yake peke yake. Yeye ndiye aliyebaki na kiwanja. Alifundisha vijana, wakaenda kuchimba dhahabu, wasirudi. Akafundisha wengine, wakavuka mpaka. Wengine aliwazika. Na tangu mwezi wa pili wa mwaka huu, mji ulipochukuliwa na waasi, hata wale wachache waliobaki walikuwa wametawanyika, kila mmoja na ndugu zake.

Charlène, binti wa marehemu, akamletea chai. "Na sasa, tonton, ile ekipe iko?"

"Iko," akajibu. "Iko inakufa polepole."

Njiani kurudi akakata shauri. Kesho yake kulikuwa na mechi na timu ya Mudaka, iliyopangwa zamani. Wangecheza hiyo, kisha angewaaga na kuifunga klabu.

Jumapili, watu wa Mudaka walifika misa ikiisha, wamechoka, suruali zimejaa vumbi na tope. Walikuwa wameondoka kwao giza halijatoka, wakasimamishwa kwenye kila kizuizi. Venant akawahesabu wachezaji wake. Walikuwa wanane. Akaona haya, akamwendea Jean-Claude, kocha wa Mudaka.

"Ndugu yangu, tuko huit tu. Chukueni forfait, ushindi wa bure, mukule, murudi mapema."

Jean-Claude akatazama kiwanja, akatazama watu waliojaa ukingoni. "Tumepita ile njia yote juu ya kucheza," akasema. Akageuka, akawatoa wachezaji wake watatu. Wakaketi kwenye nyasi wakinung'unika.

Wakacheza wanane kwa wanane. Kiwanja kilikuwa kikubwa kwao, na kabla ya mapumziko wengi walikuwa wanatembea. Mudaka wakafunga mawili. Firmin, kapiteni wa Obuguma, akapiga shuti dhaifu, mlinda goli akateleza kwenye tope, mpira ukaingia. Watu wakacheka, si kwa dharau. Ilikuwa siku nyingi Venant hajasikia watu wengi wakicheka mahali pamoja.

Mechi ilipokwisha akawakusanya wachezaji wake.

"Bana bangu, tufunge. Isidore amekwenda. Nyinyi muko banane. Sioni tena mbele."

Firmin, ambaye juma zima hufundisha shule ya msingi, alikuwa anafungua kamba za viatu. Hakuinua kichwa.

"Papa Venant, wewe njo umechoka," akasema kwa upole. "Sisi bado. Uende upumuzike."

"Muko huit, Firmin."

"Njo hao huit. Tutacheza na wenye wako hapa. Tukikosa arbitre wa kupiga filimbi tutakuita."

Wenzake wakaitikia kwa vichwa. Hakuna aliyemsihi abaki. Venant alikuwa ameandaa maneno ya kuwatuliza, na sasa hayakuwa na kazi. Ilimchoma. Maisha yake yote yalikuwa pale, nao walimpokonya kwa sentensi mbili, kama mtu anavyompokea mzee mzigo njiani. Akampa Firmin filimbi na ufunguo wa chumba cha nyavu, akapanda mlima peke yake.

Mke wake, Cibalonza, alikuwa uani anamenya mihogo. Alijua alichokwenda kusema.

"Wamekubali ufunge?"

"Wamenifukuza."

Cibalonza akaweka kisu chini. "Na wao?"

"Wanaendelea."

"Basi ukae."

Akamwekea maji ya moto kwenye beseni, na Venant akatia miguu. Kutoka chini zilimfikia sauti za vijana wake na wale wa Mudaka wakibishana ni lini watarudiana, na wapi. Walibishana kwa muda mrefu. Hakuna aliyepanda kuja kumuuliza. Maji yalikuwa bado hayajapoa alipolala palepale kwenye kiti, na mke wake akamfunika kitenge begani.