Kitufe cha Nipo

Mimi nina wivu, sifichi. Mama alikuwa nao, na mashangazi wote, kwa hiyo msinitafutie dawa. Lakini wivu wa kumwonea mtu ambaye hata sura yake huijui, huo niliupata nilipopewa kazi ya kuunda upya tovuti ya wagonjwa wa kisukari, wanakotiana moyo. Mume wangu ni mmoja wao.

Tovuti ilikuwa imechoka kweli, rangi zinagombana na maandishi madogo kama sisimizi. Kamati yao iliniomba nipunguze makorokoro. Nikaingia kuona wanachama wanatumia nini, nikamkuta mume wangu anajiita Jogoo. Nyumbani ukimuuliza hali, yuko poa, basi. Kule alikuwa anamwaga moyo wote: miguu inakufa ganzi, anaogopa kupofuka. Wanasema mficha maradhi kilio humfichua. Huyu wangu kamficha mkewe, kisha kayaanika kwa watu. Na kila akiandika, wa kwanza kumjibu ni mwanamke anayejiita Kisauti.

Walikuwa na desturi yao. Kila asubuhi kila mtu anaandika neno moja tu, "Nipo." Ukurasa mzima nipo, nipo, nipo. Jogoo akisema nipo, Kisauti anamwekea ua. Ua! Mimi tangu nimeolewa sijaona hata jani.

Nikaufuta ukurasa wao. Kwenye muundo mpya ukurasa ule haukuwepo, na kamati nikawaeleza kitaalamu kwamba hauna habari yoyote ndani yake. Waliniamini, wakakubali. Tovuti mpya ilikuwa ifunguliwe Ijumaa, mpaka hapo wangeendelea na ile ya zamani.

Alhamisi nikiwa ofisini simu ikaita, namba ngeni. Sauti ya mwanamke, laini, nzuri, na uzuri wake ukaniuma kabla sijajua ni nani. Akasema yeye ni Kisauti. Nikajiweka sawa nimtolee uvivu.

"Dada, Jogoo hajasema nipo leo, na simu hapokei," akasema. "Alinipa namba yako, kwamba akinyamaza nikutafute. Nenda nyumbani."

Matusi yote yakanikauka mdomoni. Nyumbani si mbali, nilikimbia, na simu sikuikata. Nilimkuta jikoni, kakaa sakafuni kaegemea friji, jasho linamtiririka, anaongea maneno yasiyo na kichwa wala miguu. Kisauti akasema hiyo ni sukari imeshuka, akaniuliza kama anaweza kumeza. Nikamwambia anaweza.

"Fungua kabati la chini. Nyuma ya ndoo ya unga kuna soda. Mpe kidogo kidogo."

Jikoni kwangu mwenyewe, jamani. Ndoo ile naifungua mimi kila siku. Nikaisogeza, na soda ilikuwepo. Nikamnywesha huku nalia, na sijui nilikuwa nalia kwa hofu au kwa hasira.

Alipopata nafuu nikamuuliza imekuwaje mtu wa mbali ajue soda ilipo, mimi nisijue. Akaangalia miguu yake.

"Wewe nikikwambia naumwa, huli, hulali," akasema. "Yeye ananiuliza kipimo kimesoma ngapi, halafu tunacheka."

Na ni kweli. Halafu nikakumbuka Ijumaa. Ingekuwa kesho yake, hakuna ambaye angejua kwamba Jogoo kanyamaza. Mimi ningerudi jioni na mkoba wangu, nikamkuta palepale. Nikawapigia kamati nikawaambia nimekosea, wasifungue kwanza.

Sasa Nipo ni kitufe kikubwa cha kijani, juu kabisa, hata mwenye macho mabovu anakiona. Wanachama wamenisifu sana.

Na mimi nimejiandikisha, najiita Mke wa Jogoo. Siku ya kwanza Kisauti akaniwekea ua, nikalipokea shingo upande. Kila asubuhi Jogoo akibonyeza, niko ubavuni kwake, shuka moja, simu mkononi, kidole tayari nimjibu kabla ya mtu yeyote. Mpaka leo yule mwanamke ananitangulia.