Watoto wa Panya Wasiotaka Kucheza

Shangazi yangu alikuwa mtafiti, na mtaani walimwita Mama Panya. Hakukasirika. "Afadhali mama wa panya kuliko mama wa umbea," alijibu, na jirani aliyemtania akakumbuka ana sufuria jikoni.

Alikuwa akichunguza dawa moja ya kutuliza maumivu makali: panya mwenye mimba akipewa, mtoto atakuaje? Jibu lilionekana wazi. Watoto wa panya waliopewa dawa, ukiwalaza chali, walichelewa kugeuka. Walipofumbua macho hawakupigana mieleka kama wenzao. Walijikunyata pembeni mwa kizimba. Profesa aliyemsimamia akafurahi. Dawa imeharibu ubongo, basi. Muhtasari ukatumwa; kilichobaki ni kwenda kutangaza kwenye mkutano wa watafiti.

Shangazi hakuwa mtu wa kuridhika upesi. Nilipompelekea chakula maabarani nilimkuta amechuchumaa mbele ya kizimba, macho yake kwa mama panya badala ya watoto.

"Hebu mwone," aliniambia. "Anasinzia tu. Hawalambi watoto wake, hawakusanyi. Sasa hawa wamedhurika tumboni, au wamekosa malezi?"

Profesa, aliyekuwa amesimama nyuma yetu, akatikisa kichwa. "Mkutano umekaribia, dada. Usijitafutie makubwa."

"Bora nichelewe na ukweli, Profesa, kuliko niwahi na nusu yake."

Akaanza upya na kundi jingine. Vichanga wa mama waliopewa dawa aliwahamishia kwa mama wazima, na wa mama wazima akawapeleka kwa waliopewa dawa. Kwanza aliwasugua taratibu kwa maranda ya kiota kipya, wapate harufu ya mwenyeji, wasije wakakataliwa. Sijawahi kuona mikono mikubwa kama ile ikigusa kitu kwa upole namna ile.

Mambo yakageuka. Watoto wa dawa waliolelewa vizuri walichelewa kidogo kugeuka, maana dawa nayo ilikuwa imeacha alama yake. Lakini walipokua walirukiana, wakang'atana masikio, wakabwagana. Waliojikunyata ni wale waliozaliwa wazima, wakalelewa na mama wenye usingizi.

Mkutanoni alisimama akasema, "Niliyowaandikia mwanzo ni nusu tu. Nilikosea."

Mkunga mmoja akainua mkono. "Wodini kwangu kuna wazazi wanaotumia dawa hii. Niwaambie nini?"

"Panya si mtu, mama, kwa hiyo tusikimbilie kusema. Ila ningekuwa wewe, kabla ya kumlaumu mzazi ningeuliza nani anamsaidia kulea."

Mkunga akaitikia kwa kichwa. Profesa akaomba kipaza sauti. "Jaribio hili nililipinga," alisema. "Mkilisifu, msifuni yeye peke yake."

Nyumbani nilimwuliza Shangazi kama hakuumia kuibomoa kazi yake kwa mikono yake mwenyewe.

"Niliumia, mwanangu, tena sana," alisema huku akivua viatu. "Nililia msalani kule kule mkutanoni. Kisha nikanawa uso, nikaingia ukumbini."