Mtani Alipoleta Barua

Mimi filamu naziangalia kwa hasira. Siangalii ili nifurahi, naangalia ili nione watu wamekosea wapi. Kwenye filamu za kigeni hakuna anayemaliza chai. Mtu anamiminiwa kikombe kizima, anagusa kidogo na mdomo, simu inalia, anaondoka, na chai inabaki pale inapoa bila mtu kusema kitu. Wanakata simu bila kuagana. Wanalala na hereni. Za kwetu nazo, gari likifika getini lazima tulione geti likifunguliwa, gari liingie, geti lifungwe, mlinzi arudi kwenye kiti chake. Hapo dakika tano za uhai wangu zimekwenda, na mimi sizioni tena.

Haya yote huyasemea dukani kwangu, Kiranjeranje, ninakouza vyombo vya nyumbani. Televisheni iko juu ya rafu ya sahani. Klementi wa Kilwa Masoko huniwekea filamu kwenye flashi kila baada ya wiki mbili, zile zilizotafsiriwa na mtu anayesimulia juu kwa juu, na huyo msimuliaji naye ana mdomo. Mtu akipigwa risasi ya kifua anasema, "Huyu kaumia kidogo, tusubiri." Tunasubiri nini, na damu tunaiona?

Mwenzangu wa kuangalia alikuwa Shamte, mtoto wa mjomba wangu. Jua likiwa kali huacha shamba lake la mikorosho, anakuja kukaa juu ya ndoo ya lita ishirini aliyoipindua mwenyewe. Ile ndoo sijaiuza mwaka wa tatu sasa kwa sababu ya makalio yake.

"Mke wangu, chai iko wapi?" huuliza kabla hajakaa.

"Kamwulize aliyekuoa," humjibu.

Wageni wakisikia hushtuka. Lakini kwetu huku mtoto wa mjomba ni mtani wako tangu unazaliwa. Anaweza kukuita mke, anaweza kukutukana mbele ya mkwe wako, anaweza kukuchukulia kuku bandani, na wewe ukikasirika ni wewe mwenye makosa. Mume wangu alipofariki, miaka sita iliyopita, Shamte alivaa kofia ya marehemu akapita katikati ya wafiwa akitembea vile vile kama yeye, mguu wa kulia ukiburuta kidogo, akiuliza nani kala kiporo chake. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Ndicho kicheko pekee nilichokipata wiki ile, na nilimshukuru kimoyomoyo, maana mtani hashukuriwi kwa mdomo.

Filamu ikipooza huhamia kwenye bidhaa zangu. Shamte husoma maboksi kama watu wengine wanavyosoma magazeti.

"Zuwena, huyu mama wa kizungu kwenye boksi anacheka na sufuria."

"Amefurahi. Haliungui."

"Wewe umewahi kumwona mtu mzima anacheka na sufuria? Hapa kwetu angeshapelekwa kwa mganga." Kisha huchukua chupa ya chai. "Hii imeandikwa inatunza moto saa ishirini na nne. Yangu uliyoniuzia adhuhuri tu imeshachoka."

"Chupa haina kosa. Chai yako unaipika ukiwa na usingizi."

Kuna tochi moja niliyoletewa ina redio, ina king'ora, ina dira ya kuonyesha kibla. Kitu pekee isichokifanya vizuri ni kuwaka. Shamte aliijadili tochi ile siku tatu mfululizo. Alitaka kumjua mtu aliyekaa kiwandani akasema tuongeze king'ora, na akatuzwa.

Basi mwezi wa kumi tukaangalia filamu moja ya bwana mmoja anayempenda mwanamke mwenye duka la mikate. Kila asubuhi anakwenda, ananunua mkate, anaondoka. Hasemi. Mvua inanyesha, anasimama nje. Hasemi. Mwanamke anapata mchumba mwingine, bwana anamsaidia kubeba mapambo ya harusi. Mimi nilikuwa nimeshapandwa na hasira.

"Saa mbili nzima!" nikasema. "Mtu mzima ana ndevu, anashindwa kusema neno moja?"

Nilimsubiri Shamte aongeze lake. Alikuwa anatazama mikono yake.

"Labda akisema hataaminiwa," akasema.

"Kwa nini asiaminiwe?"

"Sijui. Labda amezoeleka." Akainuka, akasema amekumbuka kazi shambani, akaondoka filamu ikiwa haijaisha. Nikaona ajabu, kisha mteja akaja kuulizia mabeseni, nikasahau.

Wiki iliyofuata nilikuwa nyumbani kwa kaka yangu Abdala, ambaye ndiye mwenye kauli juu yangu tangu baba atutoke. Tukapigiwa hodi na Mwalimu Benedicto. Huyu ni mwalimu mstaafu, Mmakonde wa kutoka kule juu uwandani, Mkatoliki wa kila Jumapili, na swahibu mkubwa wa Shamte. Alikuwa amevaa koti. Mkononi alikuwa na bahasha iliyofungwa kwenye leso nyeupe. Tukaamkiana, akakaa, akamwambia kaka kwamba ametumwa na Shamte kuleta barua ya posa kwa ajili yangu.

Kaka alinitazama, nami nikamtazama. Tukaangua kicheko wote wawili.

Niambie wewe, tungefanya nini? Posa inaletwa na wazee wa ukoo, wanakuja na ubani na dua. Nani aliwahi kumtuma Mkatoliki aliyevaa koti kwenda kuposa nyumba ya Waislamu? Mambo kama hayo huyafanya mtani peke yake. Na mtani akikuletea mchezo lazima umrudishie, tena mkubwa kuliko alioleta, la sivyo atakucheka mpaka uzeeni. Nikaichukua ile barua, nikasoma mstari wa kwanza tu, "Kwa heshima na taadhima," nikacheka tena kwa sababu Shamte na taadhima hawajawahi kukutana. Nikaomba kalamu. Nikaandika nyuma ya karatasi ile ile:

"Bidhaa imepokelewa na kukaguliwa. Tunaomba kujua: ina waranti ya muda gani? Vipuri vyake vinapatikana Lindi au mpaka Dar? Na kwa kuwa imewahi kutumika ikarudishwa, tutapunguziwa kiasi gani?"

Kaka alicheka mpaka akakohoa. Mwalimu Benedicto hakucheka. Aliifunga barua kwenye leso yake taratibu, akaaga kwa adabu, akaondoka.

Ilikuwa kweli kwamba Shamte alikuwa amerudishwa. Mkewe alimwacha miaka minane iliyopita, akaolewa Nangurukuru. Kijiji kizima kilimtania kwa jambo hilo na yeye mwenyewe alikuwa akijitania kuliko wote, kwa hiyo sikuona nimevuka mpaka wowote. Nilirudi dukani najisifu. Nikaweka ndoo pale pale, nikamsubiri aje na majibu.

Hakuja. Siku ya pili hakuja. Klementi akaleta filamu mpya ya majini ya kichina, watu wanaruka juu ya mapaa bila sababu, na mimi nikawa nasema maneno yangu yote peke yangu mbele ya masufuria. Hayakuwa yanachekesha. Nilizima televisheni kabla jini mkubwa hajafa, jambo ambalo sikuwa nimewahi kulifanya.

Siku ya tisa akaja. Hakuizunguka meza kuja upande wangu. Alisimama pale wanaposimama wateja.

"Asalaam aleikum, dada."

Nikadhani kuna mtu nyuma yangu. Mtoto wa mjomba hakuiti dada. Dada ni yule ambaye huwezi kumwoa na huwezi kumtania. Tangu tukiwa watoto tunaoga mtoni, Shamte hakuwahi kuniita hivyo hata mara moja.

"Waaleikum salaam," nikasema. "Umeumwa na nini leo?"

"Siumwi, alhamdulillahi. Naomba balbu ya ukumbini."

Nikampa. Akaijaribu kwenye soketi, ikawaka, akalipa. Boksi la balbu lilikuwa na picha ya familia nzima wamekumbatiana wanaitazama taa darini. Hakulisoma. "Ahsante, dada," akasema, akaondoka.

Niliumia. Sitazunguka maneno. Nilikaa juu ya ile ndoo, nikajua kwa mara ya kwanza kwamba mchana wangu wote, miaka sita yote hiyo, ulikuwa umesimama juu ya mtu mmoja, na mtu huyo nimemfukuza kwa kalamu ya kaka yangu.

Jioni ile Mwalimu Benedicto alipita akitoka kuchota maji. Nikamkimbilia barabarani bila hata kujitanda vizuri.

"Shikamoo Mwalimu. Ile barua, ilikuwa kweli?"

"Marahaba." Akatua ndoo yake. "Zuwena, mimi nina miaka sabini na moja. Unadhani nilivaa koti kwenye joto lile kwa ajili ya utani?"

"Sasa kwa nini akutume wewe? Kwa nini asiwatume wajomba?"

"Aliwaomba. Wote walicheka. Mmoja alimwomba arudie ili na mkewe asikie." Akanitazama kwa huruma, na huruma ile iliniuma kuliko angenigombeza. "Mimi ndiye niliyebaki ambaye si mtani wa mtu hapa. Aliona nikienda mimi, mtajua."

Usiku ule sikulala vizuri. Nilijiuliza kwanza kama namtaka, maana mtu anaweza kumhurumia mwenzake akadhani ndiyo mapenzi. Nikajijibu upesi, nikaona haya kwa upesi ule. Shida ilikuwa nyingine. Kaka angeandika barua ya kukubali, Shamte angeipokea na kuigeuza nyuma kutafuta mzaha uko wapi. Ningetuma mtu, angemwuliza mtu huyo nimemwahidi nini ili aje kumtania. Mdomo wangu nimeutumia miaka arobaini na saba kumwambia Shamte mambo yasiyo ya kweli. Sasa nina jambo moja la kweli na sina mdomo mwingine wa kulisemea.

Asubuhi nikachukua bodaboda mpaka shambani kwake. Nilimkuta amekaa kwenye mkeka, lundo la mabibo mbele yake, ananyonga korosho moja moja na kuzitupa kwenye kapu. Aliniona tangu mbali. Hakuinuka.

"Karibu, dada."

"Usiniite hivyo."

Akaendelea kunyonga korosho. Nikabaki nimesimama, na maneno niliyoyapanga njiani yote yakanikimbia. Yakaja yale mengine, ya kila siku. Nilitaka kumwuliza hayo mabibo ameyakosea nini. Nilitaka kumwambia shamba lake limekaa kama kichwa chake. Niliyameza, na hakuna kitu nilichowahi kumeza kwa taabu namna ile.

"Nilikuwa natania," nikasema.

"Najua."

"Wewe hukuwa unatania."

"Sikuwa."

"Sikusoma barua mpaka mwisho, Shamte. Nilisoma mstari mmoja. Na lile neno la kurudishwa sikustahili kuliandika. Nisamehe."

"Limeshakwisha," akasema, kwa sauti ya mtu ambaye jambo lake halijakwisha.

"Nakutaka," nikasema.

Mkono wake ulisimama. Akageuza uso akautazama mkorosho, kisha njia niliyojia, nadhani alikuwa anatafuta watu waliojificha wakisubiri kucheka. Hakukuwa na mtu. Hata mimi ningekuwa yeye ningetafuta.

"Nitajuaje kama huu si mzaha?"

"Sijui utajuaje."

Ulikuwa ndio ukweli wangu wote. Nikasimama pale jua linanipiga utosini, nikiwaza kwamba nitarudi nyumbani kwa miguu, na kwamba kuanzia leo nitakuwa dada mpaka nife. Nikamwona anaokota korosho nyingine, anaigeuzageuza bila kuinyonga.

"Leo si Jumatano?" akauliza.

"Jumatano."

"Siku ya gulio."

"Ndiyo."

"Duka umemwachia nani?"

Siku ya gulio watu hushuka kutoka vijiji vyote, na mauzo ya siku ile moja ndiyo hunilisha wiki nzima. Nilikuwa na homa ya malaria nikafungua. Siku ya arobaini ya mume wangu iliangukia Jumatano, nikasoma dua alfajiri, nikafungua.

"Sikumwachia mtu," nikasema. "Nimefunga."

"Umefunga?"

"Nimefunga. Funguo ninazo hapa."

Akanitazama. Ilikuwa mara ya kwanza kunitazama usoni tangu aniletee ile salamu ya dada, na alinitazama muda mrefu mpaka nikashindwa pa kuweka mikono. Kisha akasogeza kapu, akayasukuma mabibo pembeni kwa mguu, mkeka ukapata nafasi.

"Basi kaa, Zuwena," akasema.