Karatasi Kwenye Kioo cha Kapteni

Je, kanuni iliyotungwa na wanafunzi kwa ajili ya magari ya walimu wao inaweza kumwamuru mtu mwenye bunduki? Swali hilo lilimjia Adero Ijumaa moja mchana, akiwa amesimama mbele ya zahanati ya chuo na brashi katika mkono mmoja, kopo la gundi katika mkono mwingine. Alichovya brashi akaanza kupaka.

Chuo chenyewe kilikuwa tawi changa la chuo kikuu, limejengwa Mbale chini ya majabali ya Wanale, miaka ile jeshi lilipotawala nchi, nacho kilikuwa na desturi ambayo hungeipata kwingine. Aliyeegesha gari pasipostahili hakutozwa faini. Msimamizi wa maegesho, mwanafunzi aliyechaguliwa na wenzake, alibandika karatasi katikati ya kioo cha mbele, na mwenye gari akatakiwa kuibandua mwenyewe kwa ndoo na kitambaa, saa ya chakula cha mchana, wanafunzi wakimtazama kutoka baraza ya bwalo. Bwana Geresom, mkuu wa chuo, aliwahi kuosha kioo chake huku akiimbiwa. Alicheka hadi miwani ikamtumbukia ndooni.

Adero aliuomba usimamizi huo kwa sababu moja. Katika mwaka wake wa kwanza, mama mmoja wa mtaa wa Namakwekwe aliletwa zahanati akiwa na uchungu wa kuzaa, na gari la wagonjwa likakuta nafasi ya mlangoni imezibwa na Volkswagen ya mhadhiri. Ikabidi mama abebwe kwa shuka kuzunguka jengo zima, katika mvua. Mtoto alizaliwa kwenye nyasi, na hakulia. Tangu hapo nafasi ile ilipigwa rangi nyeupe ikaachiwa gari la wagonjwa peke yake.

Sasa palikuwa na Peugeot ya Kapteni Otim. Kapteni alikuja kumtembelea Topista, mwanafunzi aliyelala chumba kimoja na Adero. Topista hakuwahi kumwalika wala hakuthubutu kumfukuza. Aliegesha pale kwa sababu palikuwa na kivuli.

"Binti, hizo ni namba za jeshi," alinong'ona Alfayo, askari wa lango, Mluhya wa makamo kutoka Kenya, ng'ambo ya mpaka. "Hapo hata nzi huomba ruhusa kabla ya kutua."

"Basi niombee ruhusa, mzee wangu, maana mimi nimeshatua."

"Unacheka! Afande akiniuliza, nitamjibu nini?"

"Mwambie kweli. Uliniona, ukanikataza, sikusikia."

Alfayo alitikisa kichwa, akarudi langoni akitembea kama mtu anayevuka mto.

Yaliyofuata hayakuwa katika mpango wa mtu yeyote. Kwa kawaida gundi ilipikwa kwa unga wa mahindi, nayo ililegea upesi ikiguswa na maji. Lakini mwaka ule unga wa mahindi ulikuwa umetoweka madukani kama sabuni na chumvi, na Adero alipika gundi yake kwa unga wa muhogo aliopewa jikoni. Joto la Mbale likaigeuza kuwa saruji. Kapteni alipotoka bwenini aliivamia karatasi kwa kucha, akaambulia pembe mbili tu. Kuomba maji mbele ya wanafunzi hakuweza. Akaingia garini, akaondoka akichungulia kando ya karatasi kama mtu anayechungulia dirisha la jirani.

Na karatasi ilisema: GARI HILI LIMEZIBA NJIA YA WAGONJWA.

Matangazo mengine yote ya chuo yaliandikwa kwa Kiingereza. Karatasi za maegesho peke yake ziliandikwa kwa Kiswahili, kwa ajili ya madereva wa malori kutoka Kenya waliowaletea kuni. Wenzake Adero walimtania kwa hilo. Kwao Kiswahili kilikuwa lugha ya kambi, sauti inayogonga mlango na kumwita baba nje. Adero alizaliwa katika lugha hiyohiyo katika nyumba za wafanyakazi za Walukuba, Jinja, mahali ilipokuwa lugha ya bombani, ya ngoma za Jumamosi na ya kuwabembeleza watoto, na hakukubali kuwaachia askari. Lakini hakufikiri jambo moja: kwamba katika mji ule, wasomaji wepesi kuliko wote wa karatasi yake wangekuwa askari wenyewe. Kwenye kizuizi cha barabara ya Tororo walimpigia kapteni saluti, wakasoma, na gari lilipopita tu wakacheka hadi wakaegemea mapipa. Jioni hiyo soko zima la Mbale lilikuwa na habari.

Jumamosi Adero alikwenda nyumbani Jinja. Baba yake, Omollo, fundi wa mashine katika kiwanda cha nguo, alimsikiliza hadi mwisho bila kugusa chai yake.

"Kesho asubuhi lori la jirani yetu Makokha linakwenda Busia, mpakani," alisema hatimaye. "Utapanda. Shangazi yako Roselyn atakupokea ng'ambo."

"Baba, nina mitihani."

"Mitihani! Nyathina, mwanangu, redio inatutukana Wakenya kila jioni, nawe unakwenda kumbandika kapteni uji usoni!"

"Ni kwenye kioo, Baba. Na si uji, ni gundi."

Mama yake, Akoth, aliyekuwa akichambua mboga mlangoni, alishindwa kujizuia akacheka. Omollo alimtazama kwa ukali, naye akainamia mboga zake.

"Nani alimtoa mpishi wa meneja kwenye foleni ya bomba?" Adero aliuliza taratibu. "Mtaa wote bado unasimulia. Ulimshika mkono, ukampeleka nyuma ya foleni, ukamwambia maji hayana meneja."

"Meneja hakuwa na bunduki."

"Na Alfayo je? Nikipanda lori, kapteni atamkuta nani langoni?"

"Alfayo ni mtu mzima. Ana miguu ya kukimbia."

"Ana watoto pia. Na ni Mkenya, kama sisi."

Omollo aliinua kikombe, akakirudisha mezani. Kisha akasema, kwa sauti ambayo Adero hakuwahi kuisikia kwake, "Kama unarudi, usirudi kwa ajili ya kioo cha gari."

"Sirudi kwa ajili ya kioo."

"Haya. Mama yako akufungie chakula cha njiani."

Jumatatu, saa ya chakula cha mchana, Peugeot ilirudi. Ilikuja na askari wawili, ikasimama palepale kwenye rangi nyeupe. Katikati ya kioo palikuwa pamefunikwa kwa gunia. Kapteni alilivuta gunia, na karatasi ikaonekana bado ipo, imechanwachanwa pembeni lakini inasomeka. Alikuwa ameiacha makusudi. Wanafunzi walijazana barazani. Bwana Geresom alifika akiwa bado na kitambaa cha mezani shingoni.

"Watu ya chuo, nyinyi nasoma mingi mpaka kichwa naharibika!" Kapteni aliunguruma. "Nani nabandika hii? Mimi nataka yeye natoa na meno yake, hapa, nyinyi yote naona. Halafu atapanda gari, tunaenda kuongea kambini. Na kutoka leo, hapa ni mahali ya gari ya afande. Mkuu, nasikia?"

"Nasikia, afande. Hilo la nafasi halina shida kabisa, afande." Bwana Geresom alilamba midomo. Macho yake yaligusa uso wa Adero, yakakimbia. "Kuhusu karatasi... magari yote hupita mbele ya askari wetu wa lango. Huyo Alfayo ndiye anayeweza..."

Hakumaliza. Askari wawili walikuwa wameshamshika Alfayo, aliyelifuata gari kutoka langoni.

"Kabila gani?" Kapteni alimuuliza.

"Mluhya, afande."

"Ya Kenya?"

"Ndiyo, afande."

"Aha! Mimi nalijua!"

Alfayo alivua kofia yake, akaikunja, akaitia mfukoni kama mtu asiyetarajia kuihitaji tena. Hakumtazama Adero. Hakusema kwamba alimwona, wala kwamba alimkataza. Kinywa chake kilikuwa kimefungwa, na Adero alielewa kwamba kingebaki vivyo hivyo hata kambini.

Ndipo alipogundua kwamba miguu yake ilikuwa imeshashuka ngazi za baraza. Alihofu. Aliwaza juu ya baba yake na chai iliyopoa. Lakini pia aliwaza juu ya nyasi za nyuma ya zahanati, na mtoto ambaye hakulia, na hakuona ni vipi angeweza kuipita nafasi ile kila siku, gari la kapteni likiwa limelala kivulini, na bado ajiite msimamizi wa kitu chochote.

Nyuma yake alisikia chuma kikigonga ngazi. Topista alikuwa ameshuka na ndoo ya bwaloni, imejaa maji, na kitambaa begani. Aliitua ndoo kando ya gurudumu la Peugeot, akasimama bega kwa bega na Adero, na kwa mara ya kwanza akamtazama kapteni usoni.

"Topista," alisema Kapteni, ameshangaa. "Hii si maneno yako."

"Ni maneno yangu, afande. Sikuwahi kukualika."

Barazani mtu mmoja alianza kuimba, kwa sauti ndogo, ule wimbo wa kuoshea vioo. Akanyamaza. Kisha wengine watatu wakaudaka.

Adero alimgeukia kwanza Bwana Geresom, kisha wanafunzi, kisha kapteni, na alisema kwa Kiswahili cha Walukuba, kwa sauti iliyofika mlangoni mwa zahanati:

"Mwacheni mzee Alfayo, alinikataza nami sikumsikia. Karatasi hii niliibandika mimi, Adero binti Omollo, na sitaibandua, kwa meno wala kwa mkono. Hapa kila mwenye gari huosha kioo chake mwenyewe. Maji ndiyo hayo, afande. Na gari hili likisimama hapa kesho, nitabandika nyingine."