Utumbo Alioushona Mjomba Matano

Pikipiki ya Suleiman, bodaboda aliyetuleta, ilipiga mshindo ilipokuwa inageuza, na kamba ikalegea mkononi mwangu. Nilipotazama chini, kola ilikuwa inaning'inia tupu. Kashata alikuwa ameshapenya chini ya ua wa makuti, ameivuka njia, anakimbilia mikoroshoni huku mkia umebana tumboni.

"Kashata!"

Hakugeuka.

Suleiman alizima pikipiki. "Dada, nisamehe. Ni hili bomba la moshi, tangu asubuhi linaniaibisha."

Nilikuwa ninavua ndara ili nikimbie vizuri, ndipo mwenyeji wetu, Bi Mbodze, aliponishika mkono. Alikuwa muuguzi miaka mingi kabla hajastaafu, na akikushika hivi huchomoki kirahisi.

"Twaiba, ngoja. Amekwenda upande gani?"

"Mikoroshoni."

Uso wake ulibadilika. "Kuna sumu kule. Mzee Matano ametega leo baada ya adhuhuri. Mbwa wamemuulia mbuzi. Jana alizunguka nyumba kwa nyumba akituambia tuwafunge mbwa wetu. Nikasema moyoni, huyu wangu mgeni atakuwa ndani ya ua, hana pa kwenda. Nilitaka nikueleze tukishakaa, tukinywa chai."

"Matano yupi?"

"Kwani Milalani ina Matano wangapi? Mjomba wako."

Nilisimama pale na ndara moja mkononi. Mimi ninafanya kazi kwenye kituo kimoja Diani, tunakookota mbwa waliotupwa majaani na ufukweni, tunawatibu, kisha tunawatafutia makao. Watu huja wakitaka jibwa la kutisha wezi. Kashata ana miguu mifupi kama kigoda, sikio moja limesimama na jingine limelala, na rangi ya karanga iliyokaangwa. Baba yake huenda alikuwa kijibwa cha mgeni wa hoteli fulani, mama yake mbwa koko wa Ukunda. Wageni wote walimtazama, wakacheka, wakachagua mwingine. Bi Mbodze peke yake ndiye aliyeona picha yake akapiga simu kusema, "Huyo. Huyo mfupi. Niletee." Na sasa nilikuwa nimemleta mpaka mlangoni kwake ili afe.

Mikorosho ile inaanzia nyuma ya nyumba na kwenda mpaka karibu na barabara ya Lunga Lunga. Kama ningeingia kuita ovyo, Kashata angezidi kukimbia, naye huwa na pua kali kuliko akili. Aliyejua sumu iko wapi alikuwa mtu mmoja tu.

"Bi Mbodze, wewe kaa hapa langoni na chakula. Akirudi usimkimbilie, mwache aje mwenyewe. Suleiman, nipeleke kwa mjomba."

*

Mjomba Matano alikuwa zizini, anakaza seng'enge kwa koleo. Alinisikia nikishuka, na ninajua alinitambua, lakini hakuinua kichwa.

"Mjomba, mbwa wangu ameponyoka ameingia mikoroshoni. Nionyeshe ulipotega, tafadhali, nakuomba..."

Koleo liliendelea kuzunguka.

"Mjomba!"

"Nimesikia pikipiki," aliuambia waya. "Mtu bado sijamsikia."

Nilihisi damu ikinipanda kichwani. Lakini kwetu sisi Wadigo mjomba si mtu unayemvamia kwa maneno. Huyu ndiye aliyesimama mahali pa baba nilipokwenda chuo, na ndiye watakayemwendea watu wakija kunichumbia. Na tangu aliposikia kwamba diploma yangu inaogesha mbwa Diani, hakuwa amepokea simu yangu hata moja.

Nilikunja mikono. "Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo."

"Mama yako?"

"Hajambo, anakusalimu."

"Ule mguu wake?"

"Una nafuu, alhamdulillahi. Mjomba, nina haraka..."

"Na hao mbwa wako Diani? Wazima wote? Wamekula mchana?"

Suleiman alicheka nyuma yangu, kisha akajifanya anakohoa.

"Wote wazima," nilisema, "isipokuwa mmoja. Huyo bado sijui, na wewe ndiye unayejua."

Hapo ndipo aliponitazama. Alikuwa amekonda. Aliweka koleo juu ya nguzo.

"Juzi ulikuwa wapi, Twaiba? Ungekuja juzi ukaona. Mbuzi watatu, mmoja ana mimba kubwa. Na wala hawakuwala! Wangewala ningesema ni njaa. Waliwararua mapaja wakawaacha wanahema, nikawachinja mwenyewe kwa mkono huu kabla hawajawa mzoga. Yule mwenye mimba alikuwa ananitazama."

"Pole, mjomba. Wallahi pole."

"Nimeipokea. Mbwa wako ana ukubwa gani?"

Nilimpimia kwa mikono.

"Huyo ni paka."

"Hawezi kumwangusha hata kuku."

"Basi hakuwamo."

"Hakuwamo. Lakini akiula utumbo wako atakufa sawasawa na hao waliokuwamo."

Alitazama mikorosho, akanitazama mimi, akatazama tena mikorosho. Kisha akachukua fimbo yake na mfuko wa plastiki uliokuwa umechomekwa kwenye ukuta wa zizi. "Suleiman, baki na mbuzi. Na hiyo pikipiki yako isilie. Ikilia, nitaizika."

*

Tulikwenda upesi bila kukimbia, yeye mbele, mimi nyuma. Alizungumza bila kugeuka.

"Nimechukua matumbo ya wale wale mbuzi. Nimekata vipande, nimetia dawa ya unga ndani, na ncha nimezishona kwa uzi wa nyavu. Nilishona ili isimwagike, kuku wa watu wasije wakaidonoa. Vipo vinne."

Nilitaka kumwambia jambo kali kuhusu huo uangalifu wake. Sikumwambia. Nilimhitaji.

Cha kwanza kilikuwapo, chini ya mkorosho wenye tawi lililovunjika. Alikiokota kwa kukishika na jani, akakitia ndani ya ule mfuko wa plastiki. Cha pili nacho kilikuwapo, nzi wamekijaa. Nilianza kupumua.

Kwenye cha tatu kulikuwa na kunguru. Alikuwa amelala ubavu, bawa moja limefunguka, mdomo wazi. Kipande chenyewe kilikuwa kimetobolewa upande, na unga wa zambarau ulikuwa umemwagikia majani makavu. Kunguru hakuwa hata na nafasi ya kuruka. Alikuwa pale pale alipokula.

Mjomba alichutama. Alikusanya unga pamoja na majani na mchanga, akatia vyote mfukoni, na kunguru pia.

"Cha mwisho kiko wapi?"

"Pale kwenye kichuguu."

Kwenye kichuguu palikuwa na mchanga uliokwaruzwa na alama ndogo za vidole, mbichi.

Kipande hakikuwapo.

Nilizunguka kichuguu. Na hapo nikamwona Kashata kivulini, amelala kifudifudi. Utumbo ulikuwa katikati ya miguu yake ya mbele. Alikuwa ameushika ncha moja kwa meno ya pembeni, kichwa amekiinamisha, anautafuna polepole kama mtu anayeufurahia muwa.

Mjomba aliinua fimbo.

"Usimtishe!" nilinong'ona. "Mbwa mwenye kitu kinywani ukimkimbilia anakimeza. Teremsha fimbo. Chutama. Usimtazame machoni."

Alichutama. Mimi nilikuwa mbali zaidi, na kati yangu na Kashata palikuwa na majani makavu ambayo yangepiga kelele kwa kila hatua. Nilikaa chini nikageuza uso, nikaita kwa sauti ile ya kuitia chakula kituoni. Sikio lililosimama lilinielekea. Halafu pua yake ikapata harufu ya mfuko wa mjomba, wenye matumbo mengine ndani.

Alinyanyuka. Utumbo ukiwa unaning'inia mdomoni, akaanza kumwendea mjomba, mkia unatikisika.

"Twaiba, anakuja kwangu."

"Uweke mfuko nyuma yako. Ukalie."

"Anakuja kwangu, Twaiba!"

"Ndivyo ninavyotaka. Akifika, mshike taya."

"Mate yake ni najisi."

"Na maji yapo nyumbani, mjomba! Mshike!"

Kashata alimfikia. Alipanda na miguu ya mbele juu ya goti la mjomba, juu ya kikoi chake safi, akawa ananusa kushoto na kulia kuutafuta mfuko. Mjomba alifumba macho kidogo, midomo inacheza. Kisha mkono wake ukatoka na kuudaka utumbo.

Kashata alinguruma. Akauma zaidi.

"Usivute! Ukivuta utapasuka!"

"Nifanyeje basi?"

"Mkono mwingine, juu ya pua yake. Ingiza kidole gumba nyuma ya lile jino refu. Mfinye mdomo wake wa juu kwenye meno yake mwenyewe. Finya."

"Ataniuma."

"Huenda."

Alifinya. Niliona mishipa ya mkono wake ikisimama. Kashata alijaribu kurudi nyuma, macho yamemtoka. Kisha taya zikafunguka, kwa kitambo kifupi tu, na mjomba akaupokonya utumbo na kuuinua juu. Mimi nilikuwa nimeshafika. Nilimkumbata Kashata kifuani kwa mikono miwili.

"Umetoboka?"

Mjomba aliugeuza kwenye mwanga. Ngozi ilikuwa na alama za meno, na uzi ulikuwa umelowa mate. Alipitisha kidole kwenye ncha moja, mshono kwa mshono, kisha ncha ya pili, taratibu mno hata nikatamani kumpiga.

"Haukutoboka."

"Una hakika?"

"Mshono wangu ninaujua."

"Mimi siujui."

Kwa hiyo tulikaa pale. Nilimfungua Kashata mdomo, nikatazama fizi, nikanusa, nikatafuta rangi ya zambarau kwenye ulimi. Niliweka kiganja juu ya mbavu zake, moyo unaenda mbio, nami nisijue kama ni mbio za kukimbia au za sumu. Mjomba alichutama mbele yetu, mikono yake ameinyoosha mbali na mwili kama si yake, anamkodolea macho yule mbwa. Ghafla Kashata akapiga chafya. Mjomba aliruka akasimama.

"Nini? Inaanza?"

"Ni mavumbi."

Kashata alipiga chafya nyingine. Akajikuna sikio, akaegemeza kichwa kwenye mkono wangu, akalala. Moyo wake ulipoa chini ya kiganja changu, na ulipopoa kabisa ndipo nilipohisi kwamba mimi mwenyewe nilikuwa ninalia.

*

Nyumbani kwake mjomba alinawa kwa sabuni kwanza, kwa ajili ya sumu. Kisha akachota udongo safi, akanyoosha mikono, nikammiminia maji kwa kata mpaka mara saba zikatimia. Goti la kikoi nalo tukalifanya vivyo hivyo. Bi Mbodze alikuwa ameshafika na kamba mpya, Kashata yuko kwenye mapaja yake amefungwa mara mbili, na bibi huyo anamwambia mambo ambayo sisi wengine hatukupaswa kuyasikia.

"Haya," mjomba alisema. "Mwache hapo kwake, uende zako Diani."

"Simwachi."

Bi Mbodze aliinua uso.

"Simwachi mahali panapotegwa sumu, Bi Mbodze. Nisamehe. Kama mjomba atatega tena, ninaondoka naye sasa hivi."

"Na mbuzi wangu waliobaki?" mjomba aliuliza. "Niwaombee dua tu?"

"Hao mbwa wanaokuja ninaweza kuwakamata. Kituoni tuna vizimba vya mtego. Tunatia chakula, anaingia, mlango unajifunga. Wote tunawachukua."

"Lini?"

"Leo. Kabla ya magharibi."

"Diani mnasema mengi."

Nilitoa simu nikampigia Hannah, msimamizi wetu. Mjomba alinyoosha kidole chenye maji. "Itoe sauti nje. Nimsikie."

Nilitoa sauti nje. Hannah alilalamika, akasema gari liko kwa fundi, akasema mbona sikusema mapema, kisha akasema sawa, ataazima gari, ataleta vizimba viwili na yeye mwenyewe atakesha huko. Mjomba alisikiliza mpaka mwisho, kichwa ameinamisha.

"Sitatega," alisema nilipokata simu. "Lakini sikiliza, mpwa wangu. Mbuzi wangu akiraruliwa tena, sitahangaika na mbwa. Nitakuja Diani nisimame mbele ya hao wakubwa wako, niseme ni wewe Twaiba uliyenizuia. Nitasema kwa jina lako na la mama yako."

Bi Mbodze alifungua mdomo aseme kitu. Nilimtangulia.

"Njoo," nilisema. "Useme."

Tulitazamana. Yeye ndiye aliyeanza kugeuka. Aliuchukua ule mfuko kwa ncha za vidole, akazunguka nyuma ya nyumba kuelekea choo cha shimo.

Nilimfuata. Alipoingia nilisimama nje ya mlango wa bati, karibu kabisa, naye alijua kwamba nimesimama pale. Nilisikia mfuko ukifunguliwa. Nilisikia kitu kikianguka chini kwenye maji, kisha kingine, kisha kile kilichotoboka pamoja na majani, mchanga na kunguru wake. Pakawa kimya.

"Bado kimoja, mjomba," nilisema.

Alikohoa mle ndani. Kisha nikasikia cha nne.